Safari ya Kampala: Tofali Haliuawi na Uzee

Msomaji mpenzi, kama nyumba yako imejengwa kwa matofali ya kuchoma, au kama unachanga fedha kidogo kidogo ili ujenge nyumba ya namna hiyo, keti nami kitako. Nataka nikuchukue mpaka Kampala, juu ya vilima viwili ambavyo watu wengi huvipanda kwa kusali au kwa kuutazama mji. Mimi nilivipanda kwa sababu nyingine. Nilikwenda kuuliza habari za ukuta wa marehemu baba yangu.

Kwanza nikueleze ukuta wenyewe. Nyumba yetu iko upande wa Bukoba, katikati ya migomba. Baba aliijenga mwaka 1964. Udongo aliuchimba bondeni, akaufyatua katika fremu ya mbao kwa mikono yake mwenyewe, akapanga tanuru, akalichochea kuni usiku na mchana, na mama akimpelekea chakula huko huko bondeni. Matofali aliyaunga kwa udongo, maana saruji ilikuwa ghali. Juu akaezeka mabati. Nyumba hiyo ilitulea watoto saba, nayo ilisimama zaidi ya miaka hamsini bila kutudai kitu.

Hata ikafika Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016. Wenyeji wa Kagera hawajaisahau siku ile. Tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 lilitupiga alasiri, watu wakafa, mamia wakaumia, na nyumba nyingi sana zikaanguka au kupasuka. Kwetu hakuumia mtu, lakini pembe moja ya nyumba ilipata ufa wa kupitisha vidole viwili. Sisi watoto tukachanga fedha, tukamwita fundi. Akaziba ule ufa, kisha akatushauri tuipige nyumba nzima lipu ya saruji kwa nje, nzito, kutoka juu mpaka chini kabisa ardhini, na rangi ya mafuta juu yake. Tukakubali. Nyumba ikang'aa kama mpya, tukapiga picha mbele yake na kuwapelekea ndugu walio mbali.

Miaka michache ikapita. Lipu ikaanza kuvimba sehemu za chini. Mama alipoigonga kwa fimbo yake, ililia kama debe tupu. Siku moja kipande kikubwa kikaanguka, na nyuma yake tukaona matofali ya baba yamekuwa unga. Ungeweza kuyachota kwa kijiko. Basi tukafanya kikao cha ukoo, na kaka yangu mkubwa akasema, "Nyumba imezeeka. Tuivunje, tujenge ya bloku." Mama hakujibu neno. Aliinuka, akachukua jembe lake, akaenda shambani. Sote tuliona, wala hakuna aliyethubutu kumfuata. Mimi nikaomba tungoje kidogo, kwa kuwa nilikuwa nimealikwa arusi Kampala, na niliwahi kusikia kwamba huko ziko nyumba za matofali zilizoizidi yetu umri, tena zimesimama imara.

Nikapanda basi Bukoba alfajiri. Tukavuka mpaka pale Mutukula, tukafuata barabara ya Masaka. Baada ya Masaka unashuka Lukaya, penye mabwawa na mafunjo, kisha unafika Kayabwe, ambapo barabara inaukata mstari wa Ikweta na wasafiri hushuka kupiga picha. Njia nzima, kila palipo na bonde lenye udongo mzuri, niliona matanuru ya matofali. Mengine yalikuwa yakitoa moshi, mengine yamekwisha poa na watu wanapakia magari. Nikajisemea moyoni, "Kumbe sisi sote wa pande hizi za ziwa ni watu wa tofali." Hatuna mawe ya matumbawe kama ndugu zetu wa pwani. Mungu ametupa udongo na moto.

Arusi ilikwenda vizuri, na katika arusi hiyo nikapata niliyekuwa namtafuta bila kumjua. Mjomba wa bwana arusi alikuwa mzee mwashi, aliyestaafu baada ya kushika mwiko maisha yake yote. Kiswahili alikipata Kisumu, alikofanya kazi miaka mingi. Nilipomsimulia habari za nyumba yetu alicheka kidogo, akasema, "Mwanangu, kesho asubuhi vaa viatu vya kutembea."

Asubuhi tukapanda Namirembe. Jina la kilima hiki limebeba neno mirembe, yaani amani, lakini majengo yake hayakupata amani upesi. Kanisa lililojengwa juu ya kilima mwaka 1892 kwa miti na matete liliangushwa na dhoruba mwaka 1894. Wakajenga jingine mwaka 1895, nalo likaliwa na mchwa, likaachwa baada ya miaka michache tu. Ndipo wakageukia tofali. Kanisa la kwanza la matofali kilimani hapo lilifunguliwa mwaka 1904, lakini paa lake lilikuwa la nyasi. Mwaka 1910 radi ikapiga, moto ukashika nyasi, na kazi ya watu wengi ikateketea. Hawakukata tamaa. Kati ya mwaka 1915 na 1919 walijenga hili linaloonekana leo, kuta za matofali na paa la vigae vya udongo. Udongo juu, udongo chini, na vyote viwili vimepita motoni.

Tukalizunguka polepole. Ni jengo jekundu, lenye kuba juu yake, nalo limekwisha pita miaka mia moja. Humo uwanjani amezikwa Askofu Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885, na daktari Albert Cook, aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897. Mimi nilikuwa nikisoma majina makaburini, lakini mzee yule alikuwa akitazama ukuta. Akanishika mkono, akauweka juu ya tofali.

"Sikia," akaniambia. "Tofali ni kama mkate. Moto umelifanyia ganda kwa nje, na ndani ni laini zaidi. Ganda likiwa zima, tofali hunywa maji kidogo mvua ikinyesha, na jua likitoka huyarudisha hewani. Hunywa na kupumua hivyo miaka mia, wala halidhuriki. Lakini likwangue kwa brashi ya waya ili ling'ae, au lifunike lisiweze kupumua, utaona. Tofali haliuawi na uzee, mwanangu. Huuawa na maji yasiyo na njia ya kutoka, na fundi mwenye haraka."

Nikamwuliza, "Mzee, maji yataingiaje katika ukuta uliopigwa lipu ngumu?"

Hakunijibu hapo hapo. Tukashuka Namirembe, tukashika njia ya kwenda Rubaga, ambayo si ndefu kwa miguu. Huko nako liko kanisa kuu la matofali, lenye minara miwili mbele. Lilianza kujengwa mwaka 1914 na kutabarukiwa tarehe 31 Oktoba 1925. Humo amezikwa Askofu Mkuu Joseph Kiwanuka, ambaye mwaka 1939 alikuwa Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kuwekwa wakfu kuwa askofu Mkatoliki wa madhehebu ya Kilatini. Vilima viwili, makanisa mawili ya madhehebu mbalimbali, lakini waashi wake walichimba udongo ule ule mwekundu wa Buganda. Fikiri, msomaji, ni vita vingapi na serikali ngapi zimepita chini ya vilima vile, na kuta bado zipo.

Kati ya vilima hivyo viwili, kando ya njia, mzee akanisimamisha mbele ya nyumba moja ya zamani. Mwenyewe sitamtaja. Sehemu ya ukuta ilikuwa imezibwa maungo yake kwa saruji tupu, ngumu kama chuma. Nikatazama vizuri, nikashangaa. Ile saruji ilikuwa nzima kabisa, imetokeza nje kama mbavu za ng'ombe aliyekonda, na matofali katikati yake yamelika, yamerudi ndani kiasi cha kidole.

"Hili ndilo jibu lako," akasema mzee.

Nami nakueleza wewe kama alivyonieleza. Ukutani maji huingia kwa njia nyingi: mvua ya upepo, matone ya paa yanayoruka kutoka ardhini, na unyevu wa udongo unaopanda kutoka msingini kama mafuta yanavyopanda katika utambi wa taa. Maji hayo hubeba chumvi kutoka ardhini na kutoka katika tofali lenyewe. Pale maji yanapokauka, chumvi hubaki na kuganda. Umepata kuona unga mweupe ukutani baada ya masika? Ndiyo hiyo. Ikigandia nje, unaifagia kwa ufagio mkavu, basi. Ikigandia ndani ya vitundu vya tofali, huvimba na kusukuma, hata uso wa tofali ukabanduka. Ulaya barafu nayo hupasua matofali wakati wa baridi. Huku kwetu kazi hiyo hufanywa na chumvi na mvua, na Bukoba hupata mvua karibu milimeta 2,000 kwa mwaka.

Sasa, waashi wa kale waliunga matofali kwa udongo au chokaa, vitu laini kuliko tofali. Maji yalipotafuta njia ya kutoka, yalipita katika maungo, na chumvi ikaharibu maungo. Maungo yakiliwa, unayajaza upya baada ya miaka mingi, na gharama yake ni ndogo. Ukiyaziba kwa saruji ngumu, maji hukosa mlango, yakatokea kwenye uso wa tofali. Basi kinacholiwa sasa ni tofali lenyewe, na tofali hulijazi kwa mwiko. Tena ukuta unapopanuka kwa jua na kunywea kwa baridi, kile kilicho kigumu ndicho kinachovunja kile kilicho laini.

Na lipu nzito ya saruji juu ya ukuta laini ni mbaya zaidi. Kila lipu hupata nyufa nyembamba kama unywele. Maji huingia kwa nyufa hizo na kwa chini, lakini hayatoki. Yanakaa nyuma ya lipu, yanapanda juu, na tofali linalowa miaka yote kama mtu aliyevikwa koti la mvua juu ya nguo mbichi. Rangi ya mafuta ndiyo kifungo cha mwisho cha koti hilo. Nilipoyasikia haya niliona haya, msomaji. Nyumba ya baba ilikuwa imeuvumilia umri wake. Kilichoiangusha ni mchango wetu sisi watoto.

"Na ule ufa wa tetemeko?" nikauliza.

"Hilo ni jambo la pili," akasema, "usilichanganye na la kwanza. Ukuta wa matofali una nguvu ya kubeba mzigo juu yake, lakini hauna nguvu ya kuvutwa na kutikiswa. Pembe zikiwa hazikushikana, kila ukuta huenda njia yake. Lipu haifungi pembe. Inaficha tu. Pembe iliyopasuka ivunjwe taratibu, ijengwe tena kwa matofali yanayopishana, na juu ya kuta zote upite mkanda wa zege lenye nondo, ushikane kama pete. Usidanganyike na lipu."

Kabla ya kuagana nilimwuliza jinsi ya kununua matofali, maana siku hizi wauzaji ni wengi kuliko wachomaji. Akanifundisha mambo matatu, nami nakupa bure. La kwanza, chukua matofali mawili uyagonganishe. Lililoiva hulia kama chungu kizuri; bichi hutoa sauti ya kuziba. La pili, livunje moja utazame ndani. Rangi iwe ya namna moja, pasiwe na kiini cheusi kikubwa, wala mawe ya chokaa, kwa sababu jiwe la chokaa lililochomwa hunywa maji baadaye likavimba na kulipasua tofali. La tatu, lipime tofali kavu kwenye mizani, lizamishe majini siku nzima, usiku na mchana, kisha ulipime tena. Kama tofali la kilo tatu limeongezeka zaidi ya gramu 600, yaani zaidi ya sehemu moja ya tano ya uzito wake, usiliweke nje penye mvua.

Sababu ya ubichi ni moto mdogo. Tofali huiva sawasawa katika joto la nyuzi 900 na kuendelea, na joto hilo linataka kuni nyingi na siku za kutosha. Kuni zimekuwa adimu, hata wengine huchochea kwa maganda ya kahawa, na mwenye haraka hulizima tanuru kabla ya wakati. Tena matofali ya pembezoni mwa tanuru hayaivi kama ya katikati. Wazee walikuwa wakiyatenga, wakayatumia kuta za ndani. Muuzaji asiye mwaminifu huyachanganya yote, na wewe hupati habari mpaka masika ya tatu.

Nikarudi Bukoba. Sikuwa na maneno mengi katika kikao. Niliwachukua ndugu zangu mpaka nyuma ya nyumba, upande ambao lipu haikupigwa kwa sababu fedha zilikwisha. Ni upande wa jiko, wala hakuna mgeni auonaye, na ndiyo maana tuliuacha. Tukatazama. Matofali ya baba yalikuwa mazima, mekundu, na alama za vidole vyake bado zinaonekana kwenye baadhi yao. Kaka yangu mkubwa akapitisha mkono juu ya ukuta, akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Basi tusiivunje bado."

Tuliianza kazi mwezi wa Juni, kiangazi kilipoingia. Tuliibandua lipu yote ya chini, tukaacha ukuta upumue mpaka mwezi wa Agosti. Udongo ulioegemea ukuta tukauondoa, tukachimba mtaro kuzunguka nyumba na kuujaza mawe, ardhi ikainamia nje. Paani tukafunga mifereji ya bati iingie katika pipa, na mama akapata maji ya kufulia. Matofali yaliyokuwa unga tukayatoa matatu matatu kwa kuruka nafasi, wala si kwa mstari mzima, ukuta usije ukainama. Yalifika 143. Maungo ya nje hatukutumia saruji tupu tena, bali debe moja la saruji, mawili ya chokaa na tisa ya mchanga. Fundi kijana tuliyemwita alisema mchanganyiko huo ni dhaifu mno. Nikamwambia, "Ndivyo tunavyoutaka." Juu tukapaka chokaa tu.

Sitakudanganya kwamba kila kitu kimekwisha. Pembe ile ya tetemeko tumeitegemeza kwa magogo, na chumba chake hakilali mtu, mpaka tupate fedha ya kuijenga upya na kupitisha mkanda wa zege. Kuna mahali ambapo unga mweupe bado unatokea baada ya mvua, nami nimeambiwa utaendelea kupungua mwaka hadi mwaka ukuta unapokauka. Mama huufagia kwa ufagio mkavu. Hataki mtu mwingine aufagie.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, lakini safari ya Kampala imenifundisha kwamba kuziba nako kuna namna yake, na mtu aweza kuziba ufa kwa haraka akaupoteza ukuta mzima. Basi, msomaji mpenzi, mvua zijazo zikianza, usikae barazani tu. Toka nje na mwavuli wako, uzunguke nyumba yako mara moja, utazame maji yanapoangukia, yanaporukia, na yanapotuama. Kama yanatuama kwenye msingi, chukua jembe siku hiyo hiyo. Kazi hiyo haitaki fundi wala fedha, na huenda ikawaongezea wajukuu wako miaka hamsini ya kukaa ndani ya nyumba uliyoijenga.

Nilipokuwa naondoka kurudi kazini, mama alinisindikiza mpaka njiani. Akageuka akaitazama nyumba, nyeupe kwa chokaa, na chini yake mstari wa mawe. Akasema, "Baba yako alikuwa akitoka hivyo hivyo kila mvua ikinyesha, anazunguka na jembe. Mlidhani anatafuta nini?"

Sikuwa na jibu. Nilipokuwa mtoto nilidhani anatafuta kuku.